Je, Damu Yaweza Kutuambia Nani Ana Ukoma?

Katika toleo hili nimeona nisiandike juu ya malaria wala kipindupindu, maana hayo tumeyasoma mno. Nataka tuzungumze juu ya ukoma, ugonjwa ambao wengi wetu hudhani uliisha zamani za manabii. Haukuisha. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wapya 182,815 ulimwenguni katika mwaka wa 2023. Hapa Kenya umepungua sana, na tangu 1989 nchi yetu imehesabiwa kuwa na mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya huonekana hadi leo, na Kilifi na Kwale ni miongoni mwa kaunti zinazotajwa. Kwa hivyo hii si habari ya mbali, ni ya pwani yetu.

Mada hii ilizuka darasani tulipokuwa tukisoma uainishaji wa viumbe. Mwalimu wa bayolojia alipofika kwa bakteria, akautaja ukoma. Mwenzetu mmoja akasema, "Mwalimu, si tupimwe damu sote hapa shuleni, mwenye nao ajulikane?" Wengine wakacheka, lakini swali lenyewe si la kucheka. Kweli kuna kipimo cha damu kinachohusu ukoma. Je, chaweza kufanya kazi hiyo? Hilo ndilo swali letu la leo, na naomba tulijibu hatua kwa hatua.

UGONJWA WENYEWE

Ukoma una majina mengi katika Kiswahili. Wazee huuita matana, na wengine huuita jethamu, neno lililotoka Kiarabu. Unasababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium leprae. Aliyemgundua ni daktari wa Norwe, Gerhard Armauer Hansen, mwaka wa 1873. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba ukoma ni laana, au ni ugonjwa wa kurithi kama vile mtu anavyorithi pua ya babake. Hansen alionyesha kuwa ni kiini tu, kama viini vingine.

Bakteria huyu ni mvivu ajabu. Bakteria wengine hugawanyika kila baada ya dakika 20, lakini yeye huchukua siku 12 hadi 14. Ndiyo maana mtu akiambukizwa leo, dalili huweza kuonekana baada ya miaka 5 hivi, na wengine hata baada ya miaka 20. Hukaa katika ngozi na katika neva, zile nyuzi zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Neva zikiharibika, mahali pale hufa ganzi.

Hapa tuondoe uongo mmoja. Watu husema ukoma "unakula vidole". Sivyo. Mtu aliyekufa ganzi hushika sufuria ya moto asisikie, akakanyaga mwiba asijue, na kidonda kikaoza bila yeye kuhisi. Vidole hupotea kwa majeraha hayo yanayorudiarudia. Maumivu tunayoyalalamikia kila siku kumbe ni askari wetu.

Ukoma huambukizwa hasa kwa hewa, kutoka puani na kinywani mwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, tena kwa kukaa naye karibu kwa muda mrefu. Hauambukizwi kwa kupeana mkono mara moja wala kwa kukaa pamoja katika matatu. Isitoshe, inakadiriwa kuwa watu 95 katika 100 wana kinga ya asili dhidi yake. Bakteria akiwaingia, miili yao humshinda hata wasijue kwamba palikuwa na vita.

KINGAMWILI NI NINI?

Tulisoma kidato cha pili kwamba mwili ukivamiwa hutengeneza silaha za kupigana na mvamizi. Silaha hizo ni kingamwili, nazo huelea katika damu. Kila kingamwili imeundwa ishike adui mmoja maalumu, kama ufunguo na kufuli lake. Ile sehemu ya adui inayoshikwa huitwa antijeni.

Kwa bakteria wa ukoma, antijeni iliyo mashuhuri zaidi iko kwenye ukuta wake. Ni mafuta yaliyoshikamana na sukari tatu, na kwa kifupi huitwa PGL-I. Wanasayansi Hunter na Brennan waliieleza mwaka wa 1981. Uzuri wake ni kwamba sukari hizo tatu kwa mpangilio ule ni za bakteria wa ukoma peke yake. Hata bakteria wa kifua kikuu, ambaye ni ndugu yake, hana.

Kuipata haikuwa kazi rahisi, kwani bakteria huyu amekataa katakata kukua katika chupa za maabara. Mwaka wa 1960 iligunduliwa kuwa anakua kidogo katika nyayo za panya. Halafu mwaka wa 1971 akakuzwa katika amadilo, mnyama wa Marekani aliyevaa magamba kama kakakuona wetu. Mwili wa amadilo hauna joto kali kama wetu, na bakteria huyu hupenda mahali palipo na ubaridi kidogo. Ndiyo sababu hata kwa binadamu hupenda masikio, pua, mikono na miguu. Baadaye wanasayansi wakajifunza kutengeneza zile sukari wenyewe, na amadilo akapumzika.

JINSI KIPIMO KINAVYOFANYA KAZI

Njia ya maabara inaitwa ELISA. Fuateni hatua zake:

1. Kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo 96 hupakwa antijeni ndani ya kila kishimo.
2. Damu ya mtu huachwa itengane. Ile sehemu ya majimaji ya manjano, yaani seramu, huzimuliwa na kutiwa katika kishimo. Kama ina kingamwili za ukoma, zitanasa kwenye antijeni.
3. Kisahani huoshwa. Kisichonasa huenda na maji.
4. Hutiwa kingamwili ya pili, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili za binadamu. Hiyo imefungwa kimeng'enya.
5. Huoshwa tena, kisha hutiwa dawa isiyo na rangi. Palipo na kimeng'enya, dawa hubadilika rangi. Rangi ikikolea, kingamwili ni nyingi. Isipobadilika, hazikuonekana.

Kuna pia vipimo vya haraka vya kijikaratasi, vinavyofanana na vile vya malaria. Tone la damu hutiwa upande mmoja, likatambaa, na baada ya dakika chache mstari ukatokea au usitokee.

Sasa tahadharini hapa, maana ndipo penye kiini cha makala hii. Ule mstari hausemi, "Mtu huyu anaumwa ukoma." Unasema tu, "Mwili huu umewahi kukutana na bakteria wa ukoma na ukamtengenezea silaha." Kukutana na kuugua ni mambo mawili tofauti. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi wa Pwani twajua ni mawingu mangapi hupita juu ya bahari, watu wakaanua nguo, na mvua isinyeshe.

Mfano ulio karibu ni ule wa korona. Kati ya Aprili na Juni 2020, watafiti wa KEMRI na Wellcome walio hapa Kilifi, pamoja na wenzao, walipima kingamwili katika damu ya wachangiaji 3,098 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Walikadiria kuwa watu kama 4 katika kila 100 tayari walikuwa na kingamwili za korona, idadi kubwa mno kuliko ya wagonjwa waliokuwa wakitangazwa. Watu hao walikuwa wazima kiasi cha kutoa damu. Walikuwa wamekutana na kirusi, kikapita. Hakuna aliyesema wafungiwe kwa sababu ya kingamwili zao.

HESABU YA SHULE YA WATU 1,000

Wapenzi wa hisabati, hii ni yenu. Tuchukue mfano wa kubuni: shule yenye wanafunzi 1,000. Mmoja ana ukoma ulioanza juzijuzi, una baka moja tu kwenye ngozi. Wengine 999 ni wazima, ila tuseme 50 kati yao wamewahi kukutana na bakteria na wana kingamwili.

Lazima tujue jambo moja kwanza. Ukoma una namna mbili. Mgonjwa mwenye mabaka zaidi ya 5 kwa kawaida ana bakteria wengi, na kingamwili zake za PGL-I huwa nyingi, hivyo kipimo humwona mara nyingi. Mwenye baka 1 hadi 5 ana bakteria wachache, na kwa wagonjwa wa namna hii kipimo huwaona chini ya nusu yao. Mwili wao hupigana kwa chembe za damu zaidi kuliko kwa kingamwili.

Basi tukipima shule nzima, yaelekea matokeo yatakuwa hivi. Wazima 50 wataambiwa damu yao "ina ukoma". Na yule mmoja anayeugua kwelikweli huenda akaambiwa ni safi, aende zake. Tutakuwa tumewatisha 50 bure na kumwacha yule aliyehitaji dawa. Baada ya miaka miwili mkono wake utakuwa umekunjika, hali alipimwa!

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 haukupendekeza kipimo chochote cha damu kwa kutambua maambukizi kwa watu wasio na dalili. Ukoma hutambuliwa na mganga kwa kumwangalia mtu. Kuna ishara tatu: baka lililokufa ganzi, neva iliyovimba na kupoteza kazi yake, au bakteria kuonekana kwa hadubini katika majimaji yaliyochukuliwa kwenye ngozi, kwa mfano kwenye ndewe ya sikio. Moja ikithibitika yatosha.

BASI KIPIMO KINA FAIDA GANI?

Msije mkasema hakifai. Kinafaa sana kikiulizwa swali kinachoweza kulijibu.

Kwanza, kinaweza kuonyesha kama ukoma bado unazunguka mahali fulani. Mtoto wa miaka 7 akiwa na kingamwili, hakukutana na bakteria enzi za ukoloni. Amekutana naye majuzi. Watoto wengi wakiwa hivyo katika kijiji, maana yake yuko mgonjwa asiyetibiwa karibu, naye atafutwe kwa wema atibiwe.

Pili, kinaweza kusaidia kuchagua nani apewe kinga. Majirani zetu wa Komoro wametoa mfano. Katika visiwa vya Anjouan na Mohéli, ambavyo wenyewe huviita Nzwani na Mwali, na pia huko Madagaska, ulianza utafiti mwaka wa 2019 uliopewa jina PEOPLE. Watu waliokaa na wagonjwa walipewa dawa ya rifampisini ili wasije wakaugua. Vijiji viligawanywa mafungu. Katika fungu moja hawakupewa kinga. Katika jingine walipewa watu wa nyumba ya mgonjwa. Katika la tatu walipewa wote walio ndani ya mita 100. Na katika la nne walipewa watu wa nyumbani pamoja na wale majirani wa mita 100 ambao kipimo cha PGL-I kiliwaonyesha kuwa na kingamwili. Oneni tofauti! Pale kingamwili hazikutumiwa kumwita mtu mgonjwa, bali kumpa kinga mapema.

Tatu, hutumika kufuatilia. Mgonjwa akitibiwa, kingamwili zake hupungua polepole. Lakini hazitoweki mara moja, kwa hivyo damu ya mtu aliyepona huweza kuendelea kusema "tulikutana", hali bakteria wamekwisha kufa.

DAMU NA MINONG'ONO

Sehemu ya pili ya swali letu si ya maabara. Pwani hii imekuwa na hadithi za mumiani tangu enzi za mababu, watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao ili waiuze. Kituo cha utafiti kilipoanzishwa Kilifi mwaka wa 1989 na damu ikawa inachukuliwa, minong'ono haikukosekana: damu yapelekwa wapi, mbona wachukua nyingi? Watafiti wenyewe wameandika juu ya hofu hizo, na wakaanza kukutana na wanavijiji kuzungumza nao.

Mimi nasema hivi: anayeuliza damu yake inakwenda wapi si mjinga. Ana haki ya kujua yanapimwa nini, majibu ataambiwa nani, na yakitoka atasaidiwaje. Kwa ukoma haki hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu jibu likivuja laweza kumvunjia mtu nyumba.

Mtaani kwetu yuko nyanya mmoja, hawe kama tusemavyo sisi Wagiriama, anayeuza mbaazi na mahamri asubuhi. Aliugua akapona kabla sijazaliwa. Vidole vyake viwili vilibaki vimekunjika. Mahamri yake ni matamu na hana ugonjwa wowote wa kumwambukiza mtu, lakini wapo wapitao mbele yake wakaenda kununua mbali. Siku moja nilimwuliza kama hukasirika. Akanijibu, "Mjukuu wangu, ugonjwa ulinishika miaka mitatu. Jina limenishika arobaini."

NENO "MKOMA"

Sisi ni Chama cha Kiswahili, basi tuitazame lugha nayo. Ukoma ni wa ngeli ya U. Tukisema "mkoma", tumelitoa neno huko tukalitia katika ngeli ya A-WA, na mtu mzima amegeuka kuwa ugonjwa. Hatumwiti mwenye malaria "mmalaria". Kwa nini huyu tumwite mkoma, tena hata baada ya kupona? Napendekeza katika insha na mijadala yetu tuseme "mgonjwa wa ukoma", na akipona, "mtu aliyewahi kuugua ukoma", au jina lake tu alilopewa na wazazi.

Vilevile tutenganishe "amepatikana na kingamwili" na "amepatikana na ukoma". Mtu akichanganya semi hizi mbili katika mtihani atapoteza alama moja. Akizichanganya kijijini, atampotezea mwenzake mchumba, kazi au marafiki.

KIPIMO CHA PAMBA

Sasa nije kwa kipimo ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani, nacho hakihitaji sindano. Jitazame ngozi yako, na umtazame mdogo wako unapomwogesha. Ukiona baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha wala kuuma, jiulize. Choa, au mashilingi kama tunavyoita, huwasha. Baka la ukoma halina habari. Huenda pia halitoi jasho na vinyweleo vyake vimepukutika.

Chukua kipande cha pamba ukichonge kiwe na ncha. Mwonyeshe mwenzako jinsi utakavyomgusa, kisha afumbe macho. Mguse kwanza kwenye ngozi nzima, halafu kwenye baka, naye aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Akishindwa kuhisi palipo na baka, usimtangaze. Mpeleke zahanati au hospitali ukaeleze. Si kila ganzi ni ukoma, lakini anayestahili kusema ni mganga.

Na ikiwa ndio, dawa ipo. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa, nazo ni rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka machache hutumia miezi 6, mwenye mengi miezi 12. Tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Baada ya kuanza dawa, muda si muda mgonjwa hawezi kuambukiza wengine, na anaweza kuendelea kuja shule. Akianza mapema, vidole vyake vitabaki kumi vilivyonyooka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa ufupi, damu yaweza kutuambia nani amekutana na bakteria, lakini haiwezi peke yake kutuambia nani ni mgonjwa. Kazi hiyo ni ya jicho la mganga, kipande cha pamba, na mtu asiyeogopa kuonyesha baka lake kwa kuwa anajua hatachekwa. Hilo la mwisho halipatikani maabara. Ni letu sisi.

MSAMIATI

Antijeni: sehemu ya kiini inayoshikwa na kingamwili.
Ganzi: hali ya kutohisi kitu.
Kimeng'enya: kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia.
Kingamwili: silaha ya mwili inayoelea katika damu.
Ndewe: sehemu laini ya chini ya sikio.
Seramu: majimaji ya manjano yanayobaki damu ikigandana na kutengana.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini bakteria wa ukoma hupenda masikio na vidole?
2. Eleza kazi ya kimeng'enya katika ELISA.
3. Katika mfano wa shule ya watu 1,000, ikiwa wenye kingamwili ni 50 na wote ni wazima, ni asilimia ngapi ya waliopatikana na kingamwili wanaougua?
4. Mtoto mdogo kuwa na kingamwili kunatuambia nini juu ya kijiji chake?
5. Sahihisha: "Mkoma yule amepimwa damu akaonekana bado ana ukoma, ingawa alimaliza dawa mwaka jana."

Majibu mpeni katibu wa chama kabla ya mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Swali la tano tutalijadili sote.